Nguzo iwe ya zege, mbao isiguse udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Mtwara na Lindi kuhusu uzio wa bustani. Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Mikindani, na kazi nyingi ninazoitiwa siku hizi ni za kung'oa uzio uliooza na kusimamisha mwingine. Inaniuma kuona mtu ametoa fedha ya korosho, jasho la mwaka mzima, akazungushia mchicha na bamia zake miti ambayo msimu wa pili mbuzi wanaisukuma kwa bega na kupita.

Ukiung'oa mti wa namna hiyo, juu utauona mzima. Ukiugonga unalia. Teremka nao sasa mpaka usawa wa ardhi. Hapo, shubiri moja juu ya udongo na shubiri moja chini, ndipo unyevu na mchwa hukutana. Bonyeza kwa kidole gumba, kinazama. Ndani hamna mti tena, mna udongo ambao mchwa wameujaza mahali pa kile walichokula, na nje limebaki ganda jembamba linaloshikilia umbo. Wenye bustani wengi hupaka oili chafu ya magari wakidhani wamemaliza kazi. Oili husaidia kwa muda, kisha mvua huichuja ikaingia kwenye udongo uleule tunaochumia mboga za watoto.

Tuangalie walivyofanya wazee waliojenga nyumba za mawe hapa Mikindani. Boriti za mikoko waliziweka juu, kwenye dari, zimelazwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa, mbali na udongo. Nimewahi kufungua dari za nyumba hizo nikakuta boriti ingali ngumu kiasi cha kusumbua msumeno. Mti uleule ukichimbiwa ardhini uani hauna maisha. Nao mkoko hatuna wa kuchezea: kuukata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa, na ndio unaozuia mawimbi yasile pwani yetu na kuwapa samaki na kamba mahali pa kukulia. Uzio unaobadilishwa miti kila baada ya misimu miwili unamaliza mikoko kimyakimya.

Ninachowaomba watu ni kwamba kinachoingia ardhini kiwe zege, mbao ibaki juu. Nguzo inamwagwa ikiwa na mfereji kila upande, paneli ya mbao inateremshwa kutoka juu na kukaa ndani ya mifereji hiyo bila msumari. Ubao ukioza au ukivunjwa na tawi la mwembe, paneli inavutwa juu, inatengenezwa, inarudishwa. Nguzo haiguswi. Uingereza uzio huu umeenea kwenye bustani za nyumba za kawaida, na kule hawana mchwa wa kuwahangaisha kama sisi. Sababu ya kuutaka tunayo zaidi yao.

Kwa bustani, mimi humwaga nguzo ya futi 8, unene inchi 6 kwa 6. Futi mbili na nusu zinaingia ardhini, tano na nusu zinabaki juu. Ndani naweka nondo nne za milimita 8, zimefungwa kwa ringi za chuma, na nondo yoyote isikaribie uso wa nje wa nguzo chini ya inchi moja. Mfereji unapatikana kwa kulaza kipande cha mbao cha inchi mbili kwa mbili ndani ya fomu, yaani kisanduku cha kumwagia zege, kimeranduliwa kidogo pembeni ili upande wa juu uwe mwembamba kuliko wa chini, kimepakwa oili ili kisigande. (Hapa ndipo oili chafu ina kazi yake halali.) Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji ya kulowanisha tu. Vijana hupenda zege la uji kwa sababu linajimwaga lenyewe. Likikauka, yale maji ya ziada huacha vitundu, na chumvi ya bahari hupitia humo humo.

Chumvi nataka niikazie, kwa sababu tunaishi kando ya bahari na bado kuna watu wanachota mchanga ufukweni kwa kuwa ni wa bure. Mchanga ule una chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo inaleta kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inapasua zege kutokea ndani. Utaona kwanza ufa mwembamba unaofuata urefu wa nguzo, halafu doa la rangi ya kahawia, halafu kipande kinabanduka na nondo inabaki wazi. Nguzo ikifika hapo haina dawa. Nunueni mchanga wa shimoni au wa mtoni. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na nguzo ya kubomoa, na ufukwe wetu nao unabaki salama.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Zege linataka maji na siku. Nguvu yake tunaihesabu kwa siku 28, na katika siku 7 za mwanzo lisiachwe likauke hata kidogo. Kwetu kusi ikivuma, nguzo iliyomwagwa asubuhi inakuwa imekauka uso kabla ya jua kutua. Kwa hiyo nazifunika kwa magunia ya korosho na kuyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Ni kazi ya ndoo na subira, mtoto wa shule anaiweza, lakini ndiyo inayotenganisha nguzo ya miaka mingi na nguzo ya kuvunjika.

Kando ya barabara zetu siku hizi kuna vijana wanaomwaga nguzo na kuuza. Nawapongeza kwa kujiajiri. Lakini mama mmoja wa Mitengo aliniita nimsimamishie uzio kwa nguzo alizonunua sehemu ya namna hiyo, na tulipoinua ya kwanza tukiwa wawili, ilikatika katikati mikononi mwetu. Ndani mlikuwa na waya mmoja mwembamba, umelala upande mmoja, tena karibu kutokeza nje. Zege lenyewe ukilisugua kwa kucha linatoa vumbi. Yule mama alikaa kwenye kizingiti akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizi nyingine?" Nilizijaribu moja moja mbele yake. Zilizofaa zilikuwa chache, na fedha haikurudi.

Kwa hiyo mnunuzi asione haya kukagua. Muulize muuzaji nguzo imemwagwa lini, na kama imemwagiliwa. Chukua msumari ukwaruze: nguzo iliyoiva inaacha mstari hafifu, mbichi inachimbika. Igonge kwa nyundo ndogo, iliyoiva inatoa mlio wa juu, mbichi inatoa mlio mzito uliokufa. Mwambie akuonyeshe nondo anazofunga kwa nguzo zitakazomwagwa kesho. Muuzaji wa kweli atakuonyesha, na yule atakayekasirika umeshamjua.

Chanzo cha haraka hii nakifahamu. Malipo ya korosho yanaanza kuingia kuanzia Oktoba, na mvua nayo ndiyo hiyo inakaribia. Watu wote wanataka uzio wiki ileile, na kijana mwenye fomu chache anatoa nguzo kabla haijaiva ili ampokee mteja mwingine. Dawa ni kugawa kazi. Nguzo zimwagwe Juni au Julai, hata kwa kidogo kidogo, nguzo mbili leo na mbili wiki ijayo, zikae zikiiva nyuma ya nyumba. Fedha ya korosho ikifika inunue mbao, na uzio unasimama kabla ya Desemba.

Kusimamisha kwenyewe kuna ustaarabu wake. Kwanza tafuta bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, na umwite jirani, na mjumbe akiweza awepo. Migogoro mingi ya mipaka ninayoisikia ilianzia siku ambayo mtu alichimba mashimo jirani akiwa shamba. Mkikubaliana, simamisha nguzo za pembeni kabisa, vuta kamba kati yake, ndipo uanze za katikati. Shimo liwe na upana wa futi moja hivi. Huku kwetu Mikindani penye miamba ya matumbawe utatumia mtaimbo na utachoka, lakini nguzo ikishika hapo imeshika. Juu kule Mangamba na Naliendele kwenye mchanga shimo linachimbika upesi na kubomoka upesi, usilipunguze kina kwa ajili hiyo. Nguzo hii ina uzito unaozidi kilo 100, iteremshwe na watu watatu, mmoja akiongoza kitako. Pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama nguzo iko wima, iwekwe pande mbili za nguzo, siyo upande mmoja. Kuizunguka jaza zege, usijaze mchanga ukaukanyagakanyaga, na juu liinamishe kidogo ili maji yakimbie nguzo. Iegemeze kwa miti mpaka zege lishike, na paneli zisubiri siku kadhaa.

Nafasi kati ya nguzo ipimwe kwa paneli yenyewe, futi 6, na uache upenyo wa kama sentimita moja kwa sababu mbao huvimba masika. Chini kabisa, kabla ya paneli, teremsha ubao wa zege wa futi moja kwenda juu, wenye unene unaoingia kwenye mfereji. Huo ndio unaokaa juu ya udongo, unazuia kuku na maji yanayoruka, na mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege ambapo utaiona na kuifuta kwa ufagio. Pitia uzio wako kila Jumamosi, hauchukui muda.

Mbao nashauri paini iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, ile yenye rangi ya kijani kibichi kidogo. Ikate ncha uone: dawa iwe imeingia ndani, isiwe imepakwa juu juu. Ncha uliyoikata ipake dawa upya, maana hapo ndipo umefungua mlango. Mninga na mkongo zinadumu, ila kuzitumia kwa uzio wa mchicha mimi naona ni kuzionea. Mbao ya mwembe iacheni. Misumari iwe iliyopakwa zinki, ya kawaida huliwa na hewa ya bahari.

Mbao zisibanane. Nawasihi sana hapa. Uzio uliozibwa wote unashika upepo kama tanga, na mzigo wote unashuka kwenye kitako cha nguzo. Wazee wa Lindi bado wanakisimulia kimbunga cha Aprili 1952. Sisi tumeona tahadhari ya kimbunga Kenneth Aprili 2019, kilipopiga jirani zetu wa kaskazini mwa Msumbiji na sisi tukahimizwa kuhamia maeneo salama, na Mei 2024 Hidaya na mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Mimi napigilia ubao mmoja upande wangu, unaofuata upande wa jirani, kupishana hivyo hadi mwisho. Upepo unapita, bustani inapata hewa, na hakuna kati ya majirani wawili anayetazama mgongo wa uzio.

Nasema haya pia kwa kuwa naona tunakimbilia kuta za matofali ndefu zenye chupa juu hata pale panapohitajika kuzuia mbuzi tu. Ukuta usio na msingi mzuri, maji yakiuchimba chini, unalala wote kwa mara moja, na watoto hucheza kando yake. Uzio wa futi tano na nusu unatosha kuulinda mchicha, na kupitia nafasi za mbao bado utamwona jirani akitoka kisimani umsalimie.

Naviomba vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mtwara na Lindi viingize umwagaji wa nguzo za mifereji katika mafunzo ya uashi, hata kwa kozi fupi ya jioni kwa vijana ambao tayari wako barabarani na fomu zao. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, tangu kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa 2015, kokoto ipo, mikono ipo. Kwa halmashauri zetu naomba maafisa wanaopita kukagua vibali vya ujenzi wasimame pia kwenye sehemu hizi za kumwagia nguzo, wawaelekeze vijana kuhusu mchanga na siku za kumwagilia, bila kuwatoza wala kuwafukuza.

Na kijana yeyote wa Mikindani anayetaka kuona fomu ya mfereji inavyokaa, aje kwangu mwezi Julai ninapomwaga. Aulizie fundi wa nguzo karibu na soko, ataelekezwa. Aje na daftari, na nguo za kuchafuka.

Wako,
Fundi mwashi,
Mikindani, Mtwara