Jumamosi tunahamia voliboli

Niaje watu wangu, tamthilia za basketi tumeangalia za kutosha kwa hiyo Jumamosi saa mbili usiku tunaanza ya voliboli, HIStory2: Crossing the Line, ya Taiwan, ya 2018, episodi 8 tu so bando haliumii sana. Kuna Xia Yu Hao, mtoto mtata anapigana shuleni kila saa, na Qiu Zi Xuan anayesimamia timu, huyu alikuwa mchezaji mkali akaumia, ndo anamvuta jamaa aingie uwanjani. Mi namuonea huruma Zi Xuan jamani, wenzake wanaruka kwenye wavu yeye kasimama pembeni anaangalia tu 😭

Mliokwisha kuiona msitoboe siri, na skrinshoti za grupu zisitoke nje tafadhali. Nani anakuja?