Herufi za jalada la mjomba

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Huku wazima wote. Mama anakusalimu na anaulizia zile korosho ulizomwahidi.

Jalada la diwani ya mashairi ya mjomba nimeliona. Umetaka nikwambie kweli, basi nakwambia: mchoro wa jahazi mzuri, usiuguse, lakini herufi zitoe. Jina lenyewe ni neno moja, Tutakapokutana, herufi 14, na huyo fundi wako wa Bagamoyo kaona halienei, akalisukuma kutoka pembeni kwenye kompyuta mpaka likaingia. Ukifanya hivyo nguzo za wima zinakonda lakini mistari ya mlalo inabaki na unene wake wa zamani. Ile tofauti ya nene na nyembamba, ambayo ndiyo uzuri wa herufi zenye serifu, yaani vile vikanyagio vya mwisho wa mistari, inafutika. Hata msomaji asiyejua lolote kuhusu fonti atahisi kuna kitu hakikukaa sawa.

Unachohitaji ni fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo. Humo mchoraji anaziacha nguzo zikiwa nene, anabana uwazi ulio ndani ya herufi, ubavu wa O anaunyoosha badala ya kuuviringisha, na serifu anazifupisha zisigongane na za jirani. Herufi ndogo nazo huwa anazirefusha kidogo, ndiyo maana neno linaonekana refu na lenye kimo hata likikaa mahali padogo.

Biashara ndiyo iliyozaa mtindo huu. Karne ya 19, Uingereza na Marekani, wenye maduka na sarakasi walitaka matangazo yao yapige kelele ukutani, na karatasi ina upana wake. Herufi kubwa za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kutengeneza herufi za mbao kwa mashine, na baada ya hapo wachapaji wakawa na herufi ndefu nyembamba tele za kujazia mstari. Baadaye sana, tangu kompyuta ya Macintosh ilipotoka mwaka 1984 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Apple walitangaza bidhaa zao kwa fonti ya Garamond iliyopunguzwa upana hadi asilimia 80 hivi. Hata hiyo ilibidi irudiwe na kurekebishwa unene wa mistari yake, kwa hiyo fundi wako asijione mjanja.

Sisi wa Kiswahili tunazihitaji herufi hizi kuliko Waingereza, kwa maoni yangu. Kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima, na kichwa cha habari huwezi kukikata katikati ya neno ukabaki na heshima. Lakini si kila fonti inatufaa. Mimi nikipata mpya siandiki abc, naandika MKWAKWANI. Uwanja wetu wa mpira ndio mtihani: M moja, W mbili, K mbili, A mbili. M na W ni pana kwa asili. Ukizilazimisha ziwe sawa na N zinajaa weusi ndani, kwa hiyo mchoraji stadi huziachia nafasi zaidi, au huipandisha ncha ya katikati ya M isiguse chini. Kisha K, W na A zina mishazari, na zisiposogezwa moja moja zinaacha mapengo kati yake. Kiingereza hakitumii K sana, na fonti nyingi hupimwa kwa Kiingereza, basi hapo ndipo zinapoumbuka. Andika na Ng'ambo uangalie kile kituo cha juu kama hakikuitenga g na a.

Ukiipata, itumie kubwa tu: jina la diwani, bango la uzinduzi, na mgongo wa kitabu, ambao kwa kurasa chache zile utakuwa mwembamba. Mashairi yenyewe usiyaguse nayo. Mistari myembamba ya fonti hizi ikichapwa kwa saizi ya kusomea inapotea, na mzee wa miaka sabini anayesoma kwa taa ya sola atamlaani mjomba bure. Kadi za harusi ndiyo mahali pengine ningependa kuziona, maana haya maandishi ya mkunjo ya siku hizi hata jina la bwana harusi halisomeki. Kwenye kanga, hapana. Jina la kanga lina herufi zake nene za wazi, na linasomeka hata mwenye kanga akiwa anatembea.

Kama mtatengeneza na fulana, chagueni uzito mnene zaidi wa fonti hiyohiyo. Ile mistari kama nywele haipiti vizuri kwenye wavu wa kuchapia, na kwenye stika ndiyo inayong'oka wakati wa kubandua mabaki. Leseni pia itazame kabla ya kushusha: zipo fonti za leseni huria zinazoruhusu kitabu cha kuuza, na zipo za bure kwa matumizi ya nyumbani tu.

Nitumie idadi ya kurasa na aina ya karatasi, nikukokotolee upana wa mgongo. Na umuulize mjomba kama jina lake analitaka juu au chini ya jahazi, maana mimi ningeliweka chini.

Wako,
Mwanaidi