Mpime uzito, mwanangu

Mwanangu,

Ile picha ya karatasi ya kipimo cha moyo wa mtoto nimeitazama mpaka macho yakauma. Siku tisa umekaa nayo peke yako! Ulidhani nitaanguka? Haya, tuyaache hayo, ingawa moyoni sijayaacha.

Niliposikia neno tundu, nilidhani damu inamwagika kifuani kwa mtoto. Kuna muuguzi mstaafu ninayefahamiana naye, nikamfuata, akanichorea nyuma ya bahasha. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta unaotenga kulia na kushoto. Tundu la mjukuu wangu liko kwenye huo ukuta, kati ya vyumba vya chini. Damu haitoki nje. Inachepuka. Upande wa kushoto ndio unaosukuma damu mwili mzima, una nguvu zaidi, basi sehemu ya damu inapenya kwenda kulia na kurudishwa mapafuni ilikokwisha kupita. Mapafu yanaelemewa, moyo nao unafanya kazi ya ziada. Ndiyo maana anahema haraka akinyonya, analowa jasho, anaachia ziwa kabla hajashiba. Kunyonya kwake ni sawa na wewe kupanda ngazi na mzigo kichwani.

Uliponipigia simu kuhusu hilo jasho nilisema ni joto, fungua dirisha. Nimelea wanne, ndivyo nilivyojibu.

Kwa hiyo mpime uzito. Mizani ile ile, bila nguo, uandike kwenye daftari. Usiniambie "anaonekana amenenepa", maana wewe ni mama yake na macho ya mama yanadanganya. Akiwa amelala hesabu pumzi zake dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 50 usingoje kuche. Akishindwa kunyonya au midomo ikigeuka bluu, ni hivyo hivyo, mpeleke hospitali.

Unauliza kama ni zile ndoo ulizobeba ukiwa mjamzito. Hapana. Moyo wa mtoto huumbika ndani ya wiki nane za mwanzo, wengine hata hawajajua kama wamebeba mimba. Karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na mara nyingi sababu haipatikani. Atakayekuambia ni ugomvi wako na mwenzio, mlete kwangu.

Wala usimlaumu mkunga kwamba hakusikia kitu. Siku za mwanzo shinikizo la damu kwenye mapafu ya kichanga bado liko juu, damu haipenyi sana, na ule mvumo wa damu ikipenya tunduni hausikiki. Linaposhuka, wiki kadhaa baadaye, ndipo mambo yanajitokeza. Na ukubwa wa mvumo usikutie hofu, tundu dogo linaweza kupiga kelele kuliko kubwa.

Daktari ameandika la wastani. Madogo mengi hujifunga yenyewe miaka ya mwanzo, la kwake wanalitazama kwanza. Kubwa likiachwa muda mrefu, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishafikia hapo hata kuliziba haiwezekani tena. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Nakujua wewe, ukiona nafuu unaacha dawa katikati. Hizo za kumkojoza hazizibi tundu, zinampunguzia maji mapafuni tu, kwa hiyo akichangamka usiseme amepona, na kliniki usiruke hata moja. Lakini nisikuonee: wewe ndiye uliyeona kwamba mtoto hayuko sawa, kabla ya daktari na kabla yangu.

Wakisema apasuliwe, usikimbie. Siku hizi mashine inashika kazi ya moyo na mapafu wakati wanashona kiraka. Muuguzi alinisimulia kwamba mwaka 1954, kule Minnesota nchini Marekani, daktari Walton Lillehei hakuwa na mashine ya namna hiyo. Alimlaza baba wa mtoto meza ya pembeni, akaunganisha mishipa yao, damu ya mtoto ikawa inapita kwa baba wakati tundu linazibwa. Upasuaji wenyewe ulifanikiwa. Siku 11 baadaye mtoto akafa kwa nimonia. Sikutaka kukuandikia hilo, ila nimeshaandika na kalamu haifutiki. Namfikiria yule baba. Baba yako aliposikia alikunja mkono wa shati, akauliza kama bado wanafanya hivyo.

Yeye hajambo, miwani amepoteza tena. Chumba chako nimebadilisha kitasa, ufunguo mmoja nimekuwekea. Cherehani imekata mkanda, kwa hiyo zile shuka ndogo za mume wangu huyo mdogo zitachelewa, nimezipinda upande mmoja tu. Kaka yako anasema atakuja kunitengenezea Jumamosi, kama alivyosema Jumamosi iliyopita.

Tarehe ya kliniki hujaniandikia. Niandikie nije nikushikie mtoto, kwenye foleni nitakaa mimi. Na Jumatatu ukishampima nitumie hiyo namba, hata kama haijapanda. Hasa kama haijapanda.

Mama yako