Risala ya Wazee na Walezi wa Korogocho, Nairobi, kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1

Mheshimiwa Mbunge, mgeni wetu wa heshima, Bwana Chifu, Afisa wa Maendeleo ya Jamii, wazee wetu, walezi, mabibi na mabwana,

Karibu Korogocho. Tumefurahi kwamba umefika mwenyewe, kwani wapo tuliowaalika kabla yako wakatutumia msaidizi na bahasha.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilianza na watu 12 kwenye baraza la kanisa, na leo tuko 86. Mafanikio yetu ni makubwa mno kusimuliwa yote: viti 60 vya plastiki vinavyokodishwa hadi Kariobangi, tenki la maji la lita 5,000, na mfuko wa mazishi ambao haujawahi kushindwa kununua jeneza. Mengine utayaona ukizunguka. Tuingie katika jambo lililotufanya tukualike.

Jambo lenyewe ni pesa za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwalipa posho wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiagiza Serikali kumsaidia asiyeweza kujikimu. Mpango wa mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, ukafuatwa na wa wazee na wa watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2017 walisajiliwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, maskini na asiye maskini, mradi hana pensheni nyingine. Tulipiga vigelegele. Ila mlango ule ulifungwa, na umri haukusimama kusubiri ufunguliwe. Aliyekuwa na miaka 69 siku ile ya usajili amekwisha kupita 70 zamani, na bado anaambiwa asubiri.

Sasa usajili unapofunguliwa, huja na dodoso la kupima umaskini: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo kiko wapi, unapikia nini, taa ni ya stima au ya mafuta. Huenda maswali hayo yanafaa kijijini, ambako mtu anakaa katika nyumba yake. Hapa sisi ni wapangaji. Mwenye ploti akijenga kwa mawe na kuvuta stima, mjane aliyepanga chumba cha futi kumi kwa kumi huonekana tajiri. Dodoso linapima mali ya landilodi, kisha linamnyima mpangaji.

Anayepita dodoso ana vikwazo vingine. Alama za vidole vya mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote zimefutika, na mashine haimtambui. Jina kwenye kitambulisho likitofautiana herufi moja na lililo kwenye sajili, malipo hurudi yalikotoka, na kurekebisha herufi hiyo ni safari za ofisini zinazomaliza nauli kabla pesa hazijaonekana.

Na pesa zenyewe, Mheshimiwa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Ni kama shilingi 66 kwa siku. Hazinunui pakiti ya unga ya kilo mbili. Hata hivyo hatulalamikii udogo wake kama tunavyolalamikia kutojulikana kwa siku yake. Malipo yalipangwa kuja kila miezi miwili, shilingi 4,000. Yakichelewa, mzee hukopa dukani kwa daftari, na yakija ya miezi minne kwa pamoja, mwenye duka ndiye hupokea. Kisha kwenye habari hutangazwa kwamba wazee wamelipwa.

Tumefuatilia pesa hizi zinakokwama. Zinatoka Hazina ya Kitaifa, Mdhibiti wa Bajeti anaidhinisha, Benki Kuu inaachilia, idara inapokea, ndipo anayelipa anaagizwa. Kodi ikikusanywa kidogo, madeni ya taifa na pensheni za watumishi wa umma hutangulia kwa sababu sheria imeyaweka kwenye mfuko mkuu moja kwa moja. Posho ya mzee wa Korogocho iko kwenye foleni pamoja na mafuta ya magari na semina za hotelini. Ikifika bajeti ya ziada, ile ya kurekebisha matumizi katikati ya mwaka, mkasi hupita humo kwanza, maana mzee hagomi.

Tunajua utasema pesa hazipo. Mzee mmoja ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Wazee 100,000 ni bilioni 2.4, mbali na gharama za kulipa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe, bila dodoso la ukuta. Bolivia ilitumia kodi ya gesi na mafuta kuwalipa wazee wake. Na pengo hili si letu peke yetu: Shirika la Kazi Duniani linasema nchi za kipato cha chini na cha kati zinapungukiwa dola trilioni 1.4 kwa mwaka ili kutoa hifadhi ya msingi kwa wote. Wafadhili walisaidia kuanzisha, lakini mfadhili huondoka na mzee hubaki, kwa hiyo pesa hizi lazima zitokane na kodi yetu.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni moja, lenye mambo matatu. Taarifa ya Sera ya Bajeti, inayoweka mwelekeo wa matumizi ya mwaka wa fedha ujao, hufika Bungeni kufikia Februari 15, yaani miezi minne na nusu kutoka leo. Tunaomba iwe na fungu la posho ya wazee lisiloguswa na bajeti ya ziada, tarehe ya malipo inayotangazwa kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, na usajili wa mtu siku anapotimiza miaka 70, kwa kitambulisho tu.

Mablanketi uliyokuja nayo tumeyapokea kwa shukrani, na tutayaweka pamoja na ya mgeni wa mwaka juzi. Yeye pia aliahidi kulifikisha jambo hili Bungeni. Picha zilipigwa, na simu yake haikupokelewa tena.

Ndiyo maana risala hii ina nakala tatu. Ya kwanza ni yako, ya pili ni ya Chifu. Ya tatu, Mheshimiwa, tunakuomba uitie sahihi na tarehe kabla chakula hakijaandaliwa. Katibu ana kalamu.