Kabla hujapiga Windows upya, tuiangalie rejista kwanza

Kompyuta inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena. Mteja akifika hapo huambiwa dawa ni moja tu: piga Windows upya. Mara nyingi si lazima, na inatuuma kuona mtu anapoteza programu zake na mipangilio ya miaka kwa sababu ya thamani moja mbovu kwenye rejista.

Rejista ndimo Windows inamohifadhi mipangilio: draiva (programu zinazoendesha vifaa) zipi zipakiwe, huduma zipi zianze, akaunti za nani zipo. Ni mafaili tu, yamekaa ndani ya C:\Windows\System32\config kwa majina kama SYSTEM, SOFTWARE na SAM. Kila mtumiaji naye ana lake, NTUSER.DAT. Kwa hiyo yanasomeka hata Windows ikigoma kabisa. Tunaichomoa diski, tunaiunganisha kwenye mashine ya Linux, tunanakili mafaili hayo, kisha tunaifungua nakala kwa hivex, maktaba huria ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo sisi tunaitumia kupitia lugha ya Python.

Hapa kuna jambo linalowakwamisha hata mafundi wazoefu. Maelekezo mengi hutaja CurrentControlSet, sehemu ya mipangilio inayotumika wakati huo, lakini ukilifungua faili la SYSTEM Windows ikiwa imezimwa huioni, kwa kuwa Windows huiunda ikishawaka. Soma kwanza ufunguo (ni kama folda ndani ya rejista) wa Select, thamani iitwayo Current. Ikiwa ni 1, nenda ControlSet001. Humo, chini ya Services, tunaitafuta draiva korofi, kwa mfano mabaki ya antivirasi iliyotolewa nusunusu, na kuiwekea thamani ya Start namba 4, yaani isipakiwe tena.

Haraka haifai. Mwanzoni mwa kila faili la rejista kuna namba mbili za mfuatano. Zisipolingana, uandishi wa mwisho haukukamilika, na huenda mabadiliko mengine bado yako kwenye mafaili ya LOG1 na LOG2. Hatuhariri chochote mpaka mabadiliko hayo yaingizwe kwenye faili lenyewe, na faili la asili tunalihifadhi pembeni.

Usitegemee folda ya RegBack, ambamo Windows ilikuwa ikiweka nakala za rejista: tangu Windows 10 toleo la 1803, Windows haiweki tena nakala humo yenyewe. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani ulinzi wa Windows unaoficha data kwa msimbo, njoo na ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Bila huo hatuwezi kusoma hata faili moja.