Mpwa wangu, hiyo saa usiipeleke China

Mpwa wangu,

Mama yako kanionyesha zawadi uliyomnunulia mwenyeji wako wa Guangzhou: saa ya ukutani, fremu ya mninga. Nzuri kweli. Usiipeleke. Kwa Kichina, kumpa mtu saa hutamkwa "song zhong", na sauti hiyo hiyo ndiyo ya kumsindikiza mtu anayekufa. Mzee wa nyumba ataona umemtabiria mazishi. (Saa ya mkono haina neno, ina jina jingine.)

Juzi ulinibishia kwamba mashine ni mashine, haina kabila. Haya, tubaki na saa hiyo hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 11, mjini Kaifeng, China, afisa Su Song alisimamia ujenzi wa mnara wa saa wa zaidi ya mita 10, ukiendeshwa na gurudumu la maji. Kazi yake kubwa ilikuwa kufuata nyota kwa niaba ya mfalme, maana kalenda ilikuwa mali ya dola. Mfalme aliyekosea kalenda alionekana kagombana na mbingu. Ulaya, kengele ziliita watawa kusali, kisha zikaja kuita vibarua kazini. Uingereza kila mji ulifuata jua lake, Bristol ikiwa nyuma ya London kwa dakika 10 hivi, mpaka kampuni ya reli ya Great Western ilipoanza kutumia saa ya London vituoni mwake mwaka 1840. Treni haingoji jua la mtu.

Mwaka 1601 padri wa Kiitalia, Matteo Ricci, alimpelekea mfalme Wanli saa zinazolia zenyewe. Mfalme alizipenda mno, na kwa kuwa zilihitaji fundi, mapadri wakapata sababu ya kubaki Beijing. Walikuja na dini, wakawekwa kwa ajili ya springi!

Leo China nzima, nchi pana vile, inafuata saa moja rasmi, ya Beijing. Lakini kule Xinjiang, magharibi kabisa mwa China, Wauyghur wengi, wenyeji wa huko, huhesabu yao, saa mbili nyuma. Unashangaa nini? Simu yako inaandika 07:00, wewe mwenyewe unasoma saa moja.

Mpelekee kahawa ya Kilimanjaro. Saa nitaifuata Jumamosi saa nne, nne yetu. Ya ukutani kwangu imesimama tangu Ramadhani.

Mjomba wako