Neofit Rilski naye aandikwe

Mhariri, kurasa zenu za historia kila siku ni majenerali na vita tu, mi naomba siku moja mumuandike Neofit Rilski, yule mtawa wa Bulgaria. Enzi hizo nchi iko chini ya Waturuki, kanisani na shuleni Kigiriki ndo kinatamba, yeye mwaka 1835 akatoa sarufi ya Kibulgaria na mwaka huohuo akaanza kufundisha mjini Gabrovo, kwenye shule iliyofunguliwa kwa hela za wafanyabiashara kina Vasil Aprilov, na pale wanafunzi wakubwa walikuwa wanawafundisha wadogo maana walimu wenyewe wako wapi (akili kubwa hiyo!). Mbulgaria mwenzake Petar Beron alishatoa kitabu cha watoto kujifunzia kusoma 1824, sawa, ila shule yenyewe kaibeba Rilski bwana.